Ukerewe, Rusinga, Ssese au Rubondo: Kisiwa Gani cha Ziwa Victoria Kitakufaa?

Shule zikikaribia kufungwa, huulizwa swali lilelile kwa sura mbalimbali: tunataka kwenda ziwani, twende kisiwa gani? Anayeuliza huwa ameshatazama picha mpaka amechoka, na picha ndizo zilizomchanganya. Jua huzama kwa rangi ileile Nansio kule Ukerewe na Kalangala kule Ssese. Mtumbwi wenye tanga ni mtumbwi wenye tanga, uwe wa Mkerewe au wa Msuba wa Mfangano. Ukichagua kwa picha, umecheza bahati nasibu.

Ziwa lenyewe ni moja, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kila upande una jina lake. Waganda huliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na ukiwa kusini utasikia Nyanza tu, basi. Visiwa vyake vinatofautiana kwa mambo mawili: chombo kitakachokupeleka na kukurudisha, na utakachokikuta ukishashuka gatini. Wengi hulifikiria la pili wakalisahau la kwanza, halafu wakajikuta wamelala usiku wa ziada bila kupenda.

Nimechukua sehemu nne ambazo huulizwa mara nyingi. Ukerewe, pamoja na jirani yake Ukara, Tanzania. Rusinga na Mfangano, Kenya. Ssese, Uganda, ambavyo ni visiwa 84 lakini mgeni karibu daima hufikia Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote. Na Rubondo, Tanzania tena, ambacho ni hifadhi ya taifa na hakina kijiji hata kimoja.

Nimezipima zote kwa mambo matano: safari, historia, maji na viumbe, kula na kulala, kisha mfuko. Historia nimeipa nafasi kubwa kuliko mengine, na sioni haya. Mchanga mweupe utaupata hata kwingine.

Safari ya kwenda, na hasa ya kurudi

Ukerewe ina milango miwili. Wa kwanza ni meli kutoka Mwanza hadi Nansio, mwendo wa saa tatu hivi. Njiani unapita kati ya majabali na visiwa vidogo, na ukikaa juu nje badala ya kujibanza ndani na mizigo, safari yenyewe ni nusu ya starehe. Mlango wa pili ni barabara: unapita Bunda hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha unaingia Nansio kwa gari au bodaboda. Mwenye kichefuchefu apite Kisorya, maji yake ni mafupi. Ukitaka Ukara, kuna kivuko kingine kutoka Bugolora, kwa hiyo hesabu siku nyingine.

Mara yangu ya kwanza Nansio niliamini saa ya kuondoka niliyoambiwa na jirani wa chumba pale nilipolala. Nilifika gatini nikiwa na mkungu wa ndizi mkononi, na meli ilikuwa imeshakuwa doa jeupe upande wa kusini. Kosa lilikuwa langu. Saa ya chombo huulizwa gatini penyewe, jioni ya kuamkia safari, na jibu la mtu mwingine yeyote ni maoni.

Rusinga ndicho kisiwa pekee kati ya hivi ambacho unaweza kukifikia kwa barabara bila kukanyaga chombo. Tangu 1983 kimeunganishwa na bara pale Mbita. Mwanzoni lilikuwa tuta lililoziba maji kabisa, wavuvi wakalalamika miaka na miaka, kisha likaja daraja linaloruhusu maji kupita. Kutoka Kisumu unaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay, au kukata njia: gari hadi Luanda Kotieno, halafu kivuko hadi Mbita. Mfangano ni habari nyingine. Huko unapanda boti Mbita na kushukia Sena, na kisiwa kinapanda juu kama mgongo wa ng'ombe mbele yako muda wote.

Kwenda Ssese, wengi hupanda MV Kalangala kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe. Ni saa tatu na nusu hivi, na kwa kawaida meli hutoka Entebbe mchana na kurudi asubuhi. Piga hesabu hapo: hakuna kwenda na kurudi siku moja, na ukitaka siku moja nzima ya kutulia kisiwani, unalala usiku mara mbili. Njia ya pili hupitia Masaka hadi Bukakata, ambako kivuko hubeba magari hadi Luuku kwa chini ya saa moja. Mwenye gari lake na watoto nyuma ataipenda zaidi hii.

Rubondo ndiyo safari yenye mipango mingi. Unakwenda hadi Nkome upande wa Geita, au Kasenda upande wa Chato, na boti ya kuvukia hupangwa mapema na hifadhi. Huwezi kujitokeza tu mwaloni ukatarajia kubebwa. Kwa anayetoka Mwanza, safari ya nchi kavu imepungua machungu: pale Kigongo watu walipokuwa wakipanga foleni kusubiri kivuko, tangu 2025 wanapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Wenye pesa hutua kwa ndege ndogo kisiwani hapohapo.

Ukivuka mpaka, angalia karatasi. Mkenya na Mganda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Ukiingia au kutoka Tanzania, beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Cheti cha homa ya manjano pia kiwemo mfukoni, maana siku utakayokiacha nyumbani ndiyo siku kitakapoulizwa.

Historia: nani alipita, nani amebaki

Hapa ndipo Ukerewe inapojivuna, na ina haki. Wafanyabiashara wa pwani waliotangulia Wazungu waliliita ziwa zima kwa jina la Ukerewe, na mpelelezi Mwingereza Speke alipolifikia kusini mwaka 1858 jina hilo lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Mwaka 1875 mpelelezi mwingine, Stanley, alipotaka kusafirisha msafara wake kwenda Buganda, alilazimika kumwendea mtawala wa kisiwa, Lukonge, kuomba mitumbwi. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari wawili waliotumwa kutoka Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapohapo kisiwani katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro, ambaye naye aliuawa. Kwa hiyo ukishuka Nansio na kuona mji mdogo uliopooza mchana, wenye baiskeli zilizoegemezwa ukutani na magunia ya machungwa yakisubiri meli, usidhani hapajawahi kutokea kitu.

Bukindo, nje ya Nansio, lipo jumba la watemi wa Ukerewe lililokuwa la Mtemi Lukumbuzya. Usitarajie makumbusho yenye vioo na maandishi ya kueleza. Unakwenda na mwenyeji, unasalimia ipasavyo, unaomba ruhusa, na utakachopata kitategemea nani amekaa barazani siku hiyo. Ukerewe pia ni nyumbani kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki.

Ukara hupitwa na wengi, nami huona wanakosa. Ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na kwa vizazi vingi Wakara wamelima kwa namna iliyowashangaza mabwana shamba wa kikoloni: ng'ombe hufungwa ndani, hukatiwa majani, na samadi yao hurudishwa shambani mwaka hadi mwaka, kwa sababu ardhi ya kuhamia haipo. Kuna pia jiwe kubwa lililokaa juu ya jingine ambalo wenyeji huliita jiwe linalocheza. Huliendei kama unayekwenda dukani, wapo wanaolitunza.

Rusinga na Mfangano zina historia ya umri wa aina mbili, na zote ni nzito. Ya kwanza ni ya zamani kupita kiasi. Mwaka 1948 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliokota Rusinga fuvu la nyani wa kale aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita, na mabaki ya viumbe vya kale bado hutokeza kwenye makorongo mvua ikichimba. Ya pili bado inauma. Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri na akiwa hajatimiza hata miaka 39, amezikwa Rusinga, na jengo lililosimama juu ya kaburi lake limeundwa kwa umbo la risasi. Nimewaona watu wakiingia mle wakicheka na kutoka kimya.

Mfangano, katika mapango ya Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya miamba: miduara ndani ya miduara, rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa waliowatangulia wakazi wa sasa kwa karne nyingi. Kupanda Kwitone ni jasho la kweli. Kisiwani pia kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba, watu ambao mababu zao walivuka maji kutoka upande wa Uganda. Leo wengi wao huzungumza Kijaluo, na Kisuba kimebaki zaidi kwa wazee. Ukimpata mzee wa Mfangano akakusalimu kwa Kisuba, jibu taratibu, usiharakishe mazungumzo.

Ssese ina historia ambayo haionekani kwa macho. Katika imani ya Waganda, Mukasa ndiye mwenye ziwa, na makao yake makuu yalikuwa kisiwa cha Bubembe. Wasese ndio waliounda na kupiga makasia ya mitumbwi ya kushonwa iliyobeba majeshi na salamu za Kabaka. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja ugonjwa wa malale. Ulipoua watu kwa maelfu ufukoni mwa ziwa, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa visiwa hivyo, na miaka mingi ikapita kabla watu hawajaruhusiwa kurudi. Msitu uliota juu ya mashamba. Ndiyo maana leo ukiuliza Kalangala, utakuta wengi ni watu wa kuja, na mabaki ya kale hayakusubiri pembeni mwa barabara. Historia ya Ssese huisikia anayeuliza.

Rubondo nayo ilikuwa na watu. Wabanyarubondo walivua na kulima migomba hapo, hadi miaka ya 1960 walipohamishiwa visiwa jirani na bara ili kisiwa kiwe cha wanyama. Hapo ndipo hadithi inapogeuka ya ajabu. Kati ya 1966 na 1969, kwa msukumo wa Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na shirika lake la Frankfurt, sokwe 17 walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa huru ufukoni. Wengine walikuwa wamekula kwa mkono wa mtu miaka mingi. Hakuna aliyewafundisha kujenga kiota juu ya mti wala kutafuta tunda la porini, lakini walijifunza, wakazaana, na wajukuu wao ndio wanaopiga kelele msituni hivi leo. Tembo na twiga pia waliletwa. Mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa.

Maji, mchanga na viumbe

Kwa ufuo wa kukaa na kutofanya lolote, Ssese iko vizuri. Ghuba ya Lutoboka ina mchanga, miti inafika karibu na maji, na jioni kuna moto wa kuni. Kasoro yake iko juu kilimani: sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imegeuzwa mashamba ya michikichi tangu miaka ya 2000, na ukitoka Luuku kwa gari unapita safu baada ya safu ya mti uleule. Wapo wanaosema imeleta barabara na ajira, wapo wanaolilia msitu. Utaona mwenyewe.

Ukerewe ina ufuo mzuri Rubya, kando ya shamba la miti la serikali, lakini kwa jumla ni kisiwa cha wakulima na wavuvi. Fukwe nyingi ni mialo: mitumbwi, nyavu, dagaa walioanikwa juu ya mchanga, watoto, mbwa, harufu. Mimi napenda hivyo. Mwenye kutaka utulivu wa kiti cha kamba na soda baridi atanung'unika.

Mfangano ni milima na njia za miguu. Kilele chake cha Kwitutu kinakuonyesha ziwa pande zote. Rusinga ni kikavu zaidi, chenye mawe na upepo. Karibu nao kuna Takawiri, kisiwa kidogo chenye mchanga mwepesi, na visiwa vya mawe ambavyo ndege wamevimiliki. Upande huu wa Kenya angalia magugu maji: upepo ukiyasukuma, ghuba ya Homa Bay hufunikwa kijani na boti husota.

Rubondo kwa viumbe haina mpinzani kati ya hivi vinne. Msitu umefunika sehemu kubwa, hakuna simba wala chui, kwa hiyo unatembea kwa miguu na askari wa hifadhi. Nzohe, yule swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu zilizopanuka, ni mwenyeji wa asili hapo. Viboko na mamba pia, na ndiyo maana kuogelea usikufikirie. Sokwe hufuatwa kwa miguu, wakati mwingine saa nyingi, na siku nyingine unaambulia sauti tu. Anayekwenda kwa sharti kwamba lazima awaone atarudi na kinyongo.

Kula na kulala

Samaki ni walewale, majina ndiyo yanayovuka mpaka. Sato wa Mwanza ni ngege Mbita na Kalangala. Sangara akifika Kenya anaitwa mbuta, Uganda mputa. Dagaa ni omena, kisha mukene. Ukijua hayo matatu hutalala njaa.

Ukerewe utakula sato na ugali wa muhogo, na machungwa ya bei ya kugawiwa msimu wake ukifika. Nyumba za wageni Nansio ni za kawaida: chandarua, feni, ndoo ya maji. Mbita na Rusinga kuna ngazi zote, kuanzia chumba cha msafiri wa kawaida hadi hoteli za wageni wanaotua kwa ndege. Mfangano vyumba ni vichache, piga simu mapema. Ssese ndiyo iliyozoea watalii: hoteli za ufukoni, mahema, matoke na samaki, na muziki wa Jumamosi unaoweza kukukesha hata kama hukuuomba. Rubondo kuna mabanda ya hifadhi kwa wenye mfuko wa kawaida na kambi ya kifahari kwa wengine. Ukilala kwenye mabanda, nenda na chakula chako kutoka bara, hadi chumvi na kiberiti.

Mfuko

Bei hubadilika, kwa hiyo nasema mpangilio tu. Kwa anayeanzia Mwanza, Ukerewe ndiyo nafuu kuliko zote: nauli, chumba na samaki vinaweza kubanwa ndani ya bajeti ya mwalimu. Rusinga hufuata, hasa ukitokea Kisumu, ila ongeza nauli ya boti kama unakwenda Mfangano. Ssese gharama iko kwenye kulala, kwa sababu ya zile siku mbili za lazima; kivuko cha Bukakata chenyewe hakitozi nauli. Rubondo ni ghali hata ukijibana, maana kuna kiingilio, boti, askari wa kukuongoza na ada ya kuwafuata sokwe. Hata hivyo raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo mno kuliko dola anazotozwa mgeni wa mbali, na kundi la watu sita likigawana boti hesabu hubadilika kabisa.

Noti ndogo zibebe popote uendako. Pesa ya simu hufanya kazi visiwani kuliko kadi ya benki, ila siku mtandao ukigoma hakuna mashine ya kukimbilia.

Jambo ambalo halibagui kisiwa

Ziwa hili si bwawa. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika Ukara, na zaidi ya watu 220 hawakutoka. Kwa hiyo chombo kikiwa kimejaa hadi watu wanashikilia nguzo, subiri kingine, hata kama wote wanakucheka. Jaketi okozi livae, usilikalie. Dhoruba za ziwa hupenda usiku na alfajiri, basi boti ndogo panda mchana kweupe. Ukiona kitu kama moshi mweusi umesimama juu ya maji kwa mbali, si moto. Ni wadudu wa ziwani kwa mamilioni, na wakipitia mtumbwi wako funga mdomo.

La pili ni kichocho. Kipo kote, na hupatikana zaidi kwenye maji matulivu yenye matete, ambako konokono wake huishi na ambako watoto hupenda kucheza. Maji ya kuoga yaliyokaa kwenye pipa siku nzima au zaidi ni salama kuliko kujitosa mwaloni. Ukishaingia, usijilaumu, kapime wiki kadhaa baada ya kurudi. Dawa ipo na si ghali.

Kwa majira, miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na barabara hupitika. Masika, kati ya Machi na Mei, njia ya udongo ya kisiwani inaweza kukufundisha kusukuma gari.

Nani aende wapi

Una siku tatu, mfuko mwembamba, na unapenda kuzungumza na watu kuliko kupiga picha: Ukerewe. Nenda kwa meli, rudi kwa njia ya Kisorya, utakuwa umeona pande mbili. Ukiwa na siku ya nne, iwe ya Ukara.

Una wazazi wazee au mtoto anayeogopa maji: Rusinga, kwa sababu gari linafika mlangoni. Kijana wa familia anayetaka kupanda mlima apelekwe Mfangano asubuhi na kurudi jioni, akiwahi boti. Mwalimu wa historia mwenye wanafunzi pia aanzie hapa. Ndani ya siku mbili watatoka kwenye fuvu la mamilioni ya miaka hadi kwenye risasi ya 1969.

Mmeoana juzi, au mmechoka na kazi na hamtaki kuona chochote cha kujifunza: Ssese, katikati ya wiki, kabla vijana wa Kampala hawajashuka na spika zao. Kundi la marafiki wanaotaka hizo spika, Ijumaa.

Wewe ni mtu wa ndege, msitu na kimya, na uko tayari kulipa na kupanga mwezi mmoja kabla: Rubondo, usiku tatu si haba. Usimpeleke huko anayechoka bila mtandao, atawaharibia wote.

Unataka sokwe lakini uko Entebbe na Rubondo ni mbali: kisiwa cha Ngamba, ambako sokwe yatima wametunzwa tangu 1998, kiko jirani. Utawaona wakati wa kulishwa, kwa uhakika zaidi, ila si kule kuwatafuta msituni.

Na kama una mchana mmoja tu Mwanza kabla ya basi la usiku, achana na vyote vinne. Nenda Capri Point, panda boti ya hifadhi hadi Saanane, dakika chache tu. Kisiwa kina jina la mzee aliyeishi hapo kabla hakijawa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa ndani ya jiji. Panda jabali la juu, kaa. Pimbi wataanza kutoka mmoja mmoja kwenye nyufa kukuangalia, na chombo kikipita chini utakihesabia watu.